Kabula na Wadudu Mafuta

Kabla jua halijakausha umande, Kabula alikuwa ameshafika bondeni Kasense na ndoo zake mbili. Alichota maji kijitoni, akamwagilia kabichi zake tuta kwa tuta. Ndoo moja mkono huu, ndoo moja mkono ule. Alipomaliza, kanga yake ilikuwa imelowa hadi magotini.

Kabula alikuwa Msukuma. Yeye na mume wake Sayi walihamia Rukwa na ng'ombe wao mwaka 1990. Sayi aliteremka na ng'ombe kwenda bonde la Ziwa Rukwa, kwenye majani mengi. Kabula alibaki Kasense na watoto watatu, Hellena na wadogo zake wawili, ili wasome karibu na mji. Sayi alipanda kuwaona mara mbili au tatu kwa mwaka. Siku zingine zote, bustani ndiyo iliyowalisha.

Kabula hakuwa mtu wa kunyamaza. Akifurahi, bonde zima lilijua. Akikasirika, hata waliokuwa ng'ambo ya kijito waliacha majembe wakasikiliza.

Asubuhi moja ya mwezi wa tisa, mwaka 1993, waliacha majembe.

"Tena!" Kabula alipiga kelele. "Mwaka wa tatu! Tena!"

Alikuwa amegeuza jani la kabichi. Chini ya jani walijaa wadudu wadogo wa rangi ya kijivu, kama mtu amemwaga unga. Walibanana hadi jani halikuonekana. Jani lilinata kama limepakwa mafuta. Sisimizi walipanda na kushuka. Aligeuza jani la pili, la tatu, la kumi. Kote ni hivyo hivyo. Mioyo ya kabichi ilikuwa imejikunja badala ya kufunga.

Watu wa Kasense waliwaita wadudu mafuta. Wengine waliwaita vidukari. Kabula aliwaita majina mengine ambayo hayafai kuandikwa.

Aliinua macho. Shamba lililofuata, upande wa chini, lilikuwa la Bertilla, mama yake Beda. Bertilla alikuwa Mfipa, mzaliwa wa hapo hapo. Kabichi zake alishazivuna tangu mwezi wa nane. Sasa alikuwa anapalilia vitunguu, na vitunguu vilikuwa safi.

Hapo hasira ya Kabula ikapata pa kwenda.

"Mama Beda!" aliita. "Kwa nini wadudu hawaji kwako? Umewafanyia nini? Umewaleta kwangu?"

Bertilla alisimama wima, jembe mkononi.

"Niwalete mimi? Wadudu hao wanatoka kwako kuja kwangu! Tazama visiki vyako pale. Umevuna kabichi mwaka jana, visiki hujang'oa mpaka leo. Vinachipua tu. Hiyo ndiyo nyumba yao!"

"Visiki vyangu vinakula ugali kwako?"

"Vinakula kabichi zangu! Mwaka jana nilipoteza matuta matatu ya mwisho kwa sababu yako!"

"Siku hizi ni ruksa," Kabula alijibu. "Kila mtu na shamba lake. Usinipangie."

Bertilla alitema mate chini, akainama kupalilia. Tangu siku hiyo hawakusalimiana.

Kabula hakuwa na nia ya kung'oa visiki. Machipukizi yake ndiyo yalikuwa mboga ya watoto mwaka mzima. Mengine alifunga mafungu akauza sokoni Milanzi. Mtu gani mwenye akili anang'oa mboga inayoota bure?

Siku iliyofuata alikwenda mjini kutafuta dawa. Zamani dawa za shamba zilitoka ghala la ushirika. Zilikuja kwenye makopo yenye karatasi na maelezo. Sasa ghala lilikuwa limefungwa, na kila aliyetaka kufungua duka alifungua. Kabula aliingia kwenye duka la Marselino, mtu mnene, mcheshi, aliyeuza misumari, chumvi, madaftari na dawa.

Marselino alitoa chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi la hindi.

"Hii ni kiboko, mama. Ukipiga leo, kesho unafagia maiti."

"Inaitwaje?"

"Dawa ya kabichi. Jina la nini? Unataka kuibatiza?"

Watu waliokuwa dukani walicheka. Kabula naye alicheka. Akanunua.

Hakuwa na bomba. Alichanganya dawa na maji kwenye ndoo, akachovya mfagio, akapiga mfagio juu ya kabichi. Siku tatu wadudu walipungua. Siku ya saba walikuwa wengi kuliko mwanzo. Akapiga tena. Wakapungua, wakarudi. Majani yalianza kuungua pembeni. Wiki ya nne alikasirika kabisa. Alimimina dawa yote iliyobaki kwenye ndoo moja.

Ilikuwa saa nane mchana. Jua kali, upepo wa Ufipa unavuma. Kabula alitembea akielekea upepo unakotoka. Kila alipopiga mfagio, matone yalimrudia usoni. Alijifuta kwa kanga iliyokwisha kulowa dawa.

Tuta la tano, kichwa kilianza kumgonga. Tuta la sita, mate yakamjaa mdomoni, akatema, yakajaa tena. Aliona kabichi mbili mbili. Alitaka kukaa, akaanguka. Akatapika.

Aliyemwona ni Bertilla. Alitupa jembe, akaja mbio akiruka matuta.

"Mjinga wewe!" alimwambia huku akimkokota kumtoa shambani. "Mjinga wa kutupwa! Una watoto watatu! Nani atawalea? Mimi? Nina wangu!"

Alimvua kanga na blauzi. Alimsugua mikono, uso na nywele kwa sabuni na maji mengi ya ndoo, huku akimtukana bila kupumzika. Alimfunga kanga yake mwenyewe iliyokuwa kavu. Kisha aliita jirani mwenye baiskeli, wakampandisha, na Bertilla akatembea pembeni akimshika mgongo njia nzima hadi hospitali. Kwa mkono wa pili alishika ile chupa.

Daktari aliuliza swali moja.

"Amepiga dawa gani?"

Bertilla aliinua chupa ya soda. Daktari aliigeuza huku na huku. Haikuwa na karatasi wala jina.

"Nimtibu sumu gani sasa?" daktari alisema kwa uchungu. "Mnanunua vitu visivyo na jina!"

Kabula alikuwa amelala, lakini maneno hayo aliyasikia vizuri. Aliyakumbuka kwa muda mrefu.

Mungu alimsaidia. Daktari alimtibu kwa dalili alizoziona, na siku ya tatu Kabula alirudi nyumbani. Alikuta mgeni anamsubiri mlangoni pamoja na Bertilla. Alikuwa mwanamke mwembamba, viatu vya mvua miguuni, tope la bondeni hadi kwenye magoti.

"Mimi ni Atuganile, bibi shamba wa kata," alisema. "Pole kwa kuumwa. Hiyo chupa iko wapi?"

Atuganile alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu. Pikipiki ya ofisi haikuwa na mafuta tangu mwezi wa tano, kwa hiyo alitembelea wakulima kwa miguu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Bertilla alipompa chupa, alipunga mkono juu ya mdomo wake kuvuta harufu kwa mbali, na uso wake ukabadilika.

"Hii ni dawa ya kuogeshea ng'ombe," alisema. "Imechanganywa na mafuta ya taa."

Kabula alinyanyuka kwenye kigoda.

"Ya ng'ombe? Mimi nimezaliwa zizini! Harufu ya dawa hiyo naijua tangu utoto!"

"Mafuta ya taa yameificha. Ndiyo yaliyounguza majani. Sasa nisikilize, mama Hellena. Kabichi zile usiuze hata moja. Watoto wasile. Hatujui sumu itakaa humo siku ngapi, kwa sababu hatujui ameweka kiasi gani. Zote zing'olewe, zifukiwe mbali na kijito."

"Zote?"

"Zote."

Kabula hakulia. Alisimama, akafunga kanga kiunoni.

"Twendeni dukani," alisema.

Walikwenda watatu. Marselino alikuwa anampimia mtu sukari. Kabula aliweka chupa juu ya meza kwa kishindo.

"Hii ni dawa ya nini?"

"Ya kabichi, mama. Karibu sana. Imekwisha? Nikuongeze?"

"Rudia! Sema watu wasikie! Ni dawa ya nini?"

Marselino alimwona bibi shamba, akaweka kibaba chini.

"Mimi nauza tu," alisema. "Naletewa, nauza. Biashara ni huria. Kama hutaki, usinunue."

"Uhuru wa kuua watu?" Atuganile aliuliza. Aliinyanyua chupa. "Umeimimina kwenye chupa ya soda. Mtoto akiiona atakunywa! Huyu mama ametoka hospitali leo. Daktari hakujua amtibu nini, kwa sababu wewe umeficha jina!"

Atuganile alipeleka taarifa ofisini. Duka lilifungwa wiki moja, kisha likafunguliwa. Atuganile aliposikia, alipiga ngumi mezani hadi wino ukamwagika. Lakini Kabula hakungoja ofisi. Alisimama nje ya duka siku za soko, akamweleza kila mwanamke aliyepita. Hakuwa na aibu ya kupaza sauti, na safari hii sauti hiyo ilifanya kazi nzuri. Mpaka Krismasi hakuna mtu wa Kasense aliyenunua dawa kwa Marselino. Baadaye aliacha dawa, akauza mitumba.

Siku ya kufukia kabichi, Atuganile alikuja na jembe. Bertilla alikuja pia, bila kuitwa. Walipomaliza, Atuganile alimpeleka Kabula penye visiki vya zamani, pembeni ambako dawa haikufika.

"Geuza jani. Unaona nini?"

"Maadui zangu."

"Na huyu?"

Alimwonyesha mdudu wa duara, mwekundu, mwenye madoa meusi mgongoni. Jirani yake alikuwepo mwingine mweusi, mrefu, wa kutambaa, kama mamba mdogo sana.

"Huyo mweusi ni mtoto wa huyo mwekundu," alisema Atuganile. "Mtazame."

Kabula aliinama. Mdudu mweusi alimkamata kidukari mmoja, akamla. Akakamata mwingine.

"Kumbe!"

"Hawa ni askari wako. Ulipopiga dawa uliua vidukari na askari pamoja. Vidukari huzaa haraka. Jike halingoji dume wala halitagi mayai. Linazaa watoto hai, na baada ya wiki moja hivi watoto nao wanazaa. Askari huzaa polepole. Ndiyo maana kila ulipopiga dawa, wadudu walirudi wengi zaidi."

Kabula aliuma meno. Alikumbuka wiki zile nne.

"Lakini kwa nini mwezi wa tisa? Kila mwaka mwezi wa tisa!"

"Kwa sababu wanafuata majira, kama wewe na mimi. Wakati wa masika mvua kubwa huwapiga, wanaanguka, wengi wanakufa. Wakati wa baridi, mwezi wa sita na wa saba, wanazaa polepole. Lakini jua likianza kuwaka mwezi wa nane, na hakuna mvua ya kuwaangusha, wanafumuka. Mwezi wa tisa na wa kumi ndiyo sikukuu yao. Na wewe unapanda kabichi mwezi wa saba, ili ziwe changa na tamu wakati wa sikukuu hiyo."

"Na wakati wa masika wanajificha wapi?"

Atuganile aligeuka. Alitazama visiki. Bertilla naye alitazama visiki, akakunja mikono.

Damu ilimpanda Kabula.

"Visiki sing'oi! Mmenifanya nifukie kabichi zote, sasa mnataka na machipukizi! Watoto wangu wale udongo?"

"Sawa," alisema Atuganile kwa ukali. "Usiniamini. Unajua kuandika?"

"Nimesoma kisomo cha watu wazima. Najua."

"Basi hesabu. Kila Jumamosi chagua visiki kumi. Geuza majani. Andika ni visiki vingapi kati ya kumi vina vidukari. Mwezi wa tatu sia mbegu kitaluni, mwezi wa nne uhamishe miche. Visiki viache kama unavitaka. Halafu daftari litakuambia, si mimi."

Kabula alinunua daftari. Alihesabu kwa hasira, ili amwonyeshe bibi shamba kuwa amekosea.

Mwezi wa kumi aliandika kumi kati ya kumi. Kumi, kumi, kumi. Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja mvua ikanyesha. Aliandika saba. Kisha nne. Mwezi wa pili, mvua ikimwagika kila siku, aliandika moja. Jumamosi nyingine aliandika sifuri, akafurahi sana.

"Wamekwisha!" alimwambia Bertilla. Sasa walikuwa wanasalimiana, ingawa kwa ufupi.

"Angalia kwenye makwapa," alisema Bertilla.

Kabula alirudi, akafunua pale chipukizi linapoungana na shina. Walikuwepo. Wachache, watano sita, wamejibana mahali ambapo mvua haifiki. Alifuta sifuri.

Mwezi wa nne alihamisha miche. Mwezi wa tano aliandika tatu kati ya kumi. Mwezi wa sita, baridi ikiuma vidole, tano. Kabichi mpya zilikuwa zimenawiri. Zilianza kufunga. Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba, matuta yaliyokuwa mbali na visiki yalikuwa safi. Matuta mawili yaliyopakana na visiki yalikuwa na vidukari.

Alichuchumaa pale. Baadhi ya vidukari walikuwa na mabawa. Aliona mmoja akiinuka kutoka kwenye kisiki, upepo ukamchukua, akatua kwenye kabichi changa.

Alimwona kwa macho yake.

Kabula alifungua daftari. Alisoma ukurasa kwa ukurasa. Masika yote wamelala kwenye visiki vyake. Baridi yote wamekula kwenye visiki vyake. Amewafuga mwenyewe, kama ng'ombe, miaka mitatu. Na lawama alimtupia jirani yake.

Alitupa daftari chini. Alishika kisiki cha kwanza kwa mikono miwili, akakivuta. Mizizi ilikuwa mirefu, haikutaka kutoka. Akavuta mpaka akaanguka chali nacho. Akainuka, akashika cha pili. Alivuta huku akifoka. Aliwafokea wadudu, akamfokea Marselino, akajifokea mwenyewe.

Bertilla alisikia kelele, akaja.

"Una nini?"

"Usiseme kitu, mama Beda! Usiseme kitu! Shika upande huo!"

Bertilla alishika upande huo. Waling'oa hadi jioni. Walichimba shimo refu, wakavitupa visiki humo, wakafukia na kukanyaga. Yale matuta mawili waliyapiga maji ya sabuni chini ya majani, kwa kitambaa na kikombe, jani baada ya jani. Yale majani yaliyojaa sana waliyachuma na kuyafukia.

"Nilikukosea," Kabula alisema walipokuwa wananawa.

"Ulinikosea sana," alisema Bertilla. "Nimechoka. Nina njaa. Una ugali?"

"Upo."

Walikula pamoja. Bertilla alimpa Kabula mashina ya matembele ya kupanda kwenye unyevu wa kijito.

"Vidukari wa kabichi hawali haya," alisema. "Wao wanapenda kabichi, figili, chainizi, jamii hiyo. Watoto wako watakula matembele mpaka waombe kuacha."

Kabula alivuna wiki ya mwisho ya mwezi wa saba na wiki mbili za mwezi wa nane. Vichwa vilikuwa vigumu na vizito. Siku alipokata kichwa cha mwisho, aling'oa visiki siku hiyo hiyo. Hakuacha hata kimoja. Mahali pake alipanda vitunguu na maharage, mpaka mvua zirudi. Atuganile aliitisha mkutano wa wakulima wa bondeni, na Kabula ndiye aliyesimama na daftari, akawasomea. Mzee mmoja, Kasmir, alinung'unika kuwa visiki vyake ni mali yake. Kabula alimjibu papo hapo, kwa sauti, na mkutano ukaendelea saa nzima zaidi. Mwisho walikubaliana. Kabichi zote zipandwe mwezi wa nne na wa tano. Ikifika katikati ya mwezi wa nane, kusiwe na kisiki chochote bondeni. Dawa itumike kama hakuna njia nyingine tu, baada ya kumwita bibi shamba, na iwe kwenye kopo lake lenye jina.

Siku moja ya mavuno hayo, gari dogo lilisimama barabarani. Alishuka mwanamke mfanyabiashara. Alikuwa ananunua mboga kupeleka Kasanga, kwa watu wa bandarini na wavuvi. Alitembea kati ya matuta, akapapasa vichwa, akageuza majani ya nje.

"Kabichi nzuri," alisema. "Lakini mimi mwaka jana niliumwa tumbo kwa kabichi za watu. Niambie ukweli, mama. Hizi umepiga dawa lini?"

Kabula alikata kichwa kimoja kwa kisu. Alibandua jani la ndani, jeupe, lenye umande. Alilitia mdomoni, akalitafuna mbichi, polepole, akimtazama yule mwanamke machoni. Akameza. Akabandua la pili, akampa.

Yule mwanamke alisita kidogo. Kisha akalitafuna.

"Tamu," alisema.

Akageukia barabarani na kumwita dereva alete magunia.